Sinema Bubu na Swali la Mwanafunzi

Katika kurasa hizi tumezoea kujadiliana habari za sarufi, za ushairi na za mbinu za kufundishia. Leo naomba radhi niwaletee habari ya sinema. Tena si sinema ya juzi wala ya jana, bali sinema bubu iliyotengenezwa Marekani, ambayo ndani yake halisikiki hata neno moja. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha ana kazi gani na mchezo usiosema? Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Lakini mchezo huo uliniletea swali kutoka kinywani mwa mwanafunzi wangu, swali hilo nikalibeba hadi nyumbani kwa dada yangu, na jibu nililolipata huko limenilazimu kusahihisha jambo nililokwisha kulipiga chapa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sinema yenyewe yaitwa La Bohème. Iliongozwa na King Vidor kwa ajili ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Februari 1926. Ni hadithi ya mapenzi na dhiki miongoni mwa wasanii vijana wa Paris katika karne ya 19. Haki za kunakili za sinema hiyo zilikwisha nchini Marekani tarehe 1 Januari 2022, na tangu hapo imekuwa rahisi kuipata.

Sisi tunafundisha mashariki ya Uganda, si mbali na mji wa Mbale. Wanafunzi wetu hujifunza Kiswahili darasani, lakini wakitoka nje ya mlango hawakisikii sana. Na wengi wao wanaogopa kufungua kinywa wasije wakachekwa. Nikafikiri kwamba sinema bubu ina maneno machache tu, yaliyoandikwa na kuonyeshwa baina ya picha na picha. Nikiyafasiri maneno hayo na kuyasoma kwa sauti, nao watapata nafasi ya kuifuata lugha bila ya kukimbizwa nayo. Jambo hili si geni duniani. Japani, katika zama za sinema bubu, walikuwapo watu walioitwa benshi, ambao kazi yao ilikuwa kusimama kando ya picha na kuwasimulia watazamaji. Na hapa Uganda vijana wetu wamezoea kwenda katika vibanda vya video, ambamo mfasiri hushika kipaza sauti na kuzigeuza sinema za kigeni kwa Kiganda, huku akitia na mizaha yake mwenyewe. Basi jioni moja, baada ya chakula, tulitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa bwalo, tukaazima mashine ya kuonyeshea picha, nami nikasimama kando na karatasi zangu mkononi.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Bohemia ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Wafaransa wa zamani waliwaita Waroma, ambao walikuwa watu wa kuhamahama, kwa jina la Wabohemia, wakidhani kwamba wametoka huko. Baadaye, katika karne ya 19, jina hilo likahamia kwa vijana waliojitoa kwa uandishi, uchoraji na muziki, wakaishi bila mshahara, leo wana mkate na kesho hawana. Kwa Kiswahili tuwaiteje? Nilifikiria neno ‘wahuni’, lakini siku hizi neno hilo lina tusi ndani yake. Nilifikiria ‘mafukara’, lakini fukara hana furaha, na hawa walikuwa na furaha nyingi. Mwanafunzi mmoja akapendekeza ‘wasanii hohehahe’, nami nikalipokea neno lake mara moja.

Tatizo la pili nililivuka bila kulitazama vizuri. Wafaransa walikuwa na neno grisette, kutokana na kitambaa cha kijivu cha bei rahisi walichokivaa wasichana wa kazi. Kwa neno hilo waliwaita wasichana wa mjini walioishi kwa kushona, kutarizi na kuuza maduka, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wapenzi wa hao wasanii. Sikupata neno la Kiswahili linalolingana nalo, nikaandika ‘mshonaji’, nikaendelea na safari.

Tatizo la tatu liliwafurahisha wanafunzi. Msichana wa hadithi anaitwa Mimi. Kila niliposoma ‘Mimi anashona’, kicheko kilipasuka bwaloni: ‘Mwalimu! Mimi ninashona!’ Walifurahi kumsahihisha mwalimu wao upatanisho wa nafsi. Niliwaacha wacheke, kwani hakuna somo la nafsi ya kwanza na ya tatu lililopata kukaa vichwani mwao kama hilo. Lakini hadithi ilivyozidi kwenda mbele, kicheko kilipungua, na mwishowe kikakoma kabisa.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Ni majira ya baridi. Rodolphe ni mtunzi wa michezo ya kuigiza, anakaa darini pamoja na rafiki zake, mchoraji, mwanamuziki na mwanafalsafa, na kodi ya nyumba imewashinda. Ili apate chochote, yeye huandika makala katika gazeti la habari za paka na mbwa. Jirani yao ni Mimi, msichana anayeishi kwa sindano na uzi, ambaye naye anadaiwa kodi na amekwisha kuweka rehani vitu vyake. Wanakutana, wanapendana, na theluji inapoyeyuka wanakwenda mandari msituni pamoja na rafiki zao. Rodolphe anaanza kutunga mchezo mkubwa. Akili yote inahamia huko, na makala ya paka na mbwa yanachelewa. Siku moja Mimi anayapeleka gazetini, na mhariri anamwambia kwamba Rodolphe amefukuzwa kazi.

Hapo ndipo penye moyo wa hadithi. Mimi anarudi nyumbani na hasemi. Anamwacha Rodolphe aamini kwamba angali na kazi. Usiku anaketi kushona kwa mwanga hafifu, na fedha anayoipata kwa kushona anampa mpenzi wake kana kwamba imetoka kwa mhariri. Rodolphe anaipokea, anafurahi, anaendelea kuandika. Mtazamaji anaiona afya ya msichana ikiteketea. Rodolphe hauoni uso ulio mbele yake, kwa kuwa macho yake yapo kwenye karatasi. Kisha anaingia kabaila mmoja tajiri anayemtaka Mimi. Mimi anatumaini kwamba mtu huyo ataweza kuusaidia mchezo wa Rodolphe upate kuonyeshwa. Rodolphe anaingiwa na wivu. Na anapogundua kwamba hakuwa na kazi kwa majuma mengi, anafikiri kwamba fedha ile ilitoka kwa kabaila. Anamtendea ukatili. Anapokuja kuujua ukweli, na kuona jinsi Mimi alivyo mgonjwa, anatoka mbio kumwita daktari. Na aliporudi, Mimi amekwisha ondoka, ili asiwe mzigo kwake. Rodolphe anamtafuta, hampati. Kutokana na huzuni ile anautunga mchezo unaompatia jina. Mimi, aliyekuwa akifanya kazi katika mtaa wa makabwela, anaanguka. Anasikia ikisemwa kwamba hataumaliza usiku ule, anajikokota kuvuka mji mzima, hata kwa kujishikiza nyuma ya gari la farasi, mpaka akafika katika chumba chake cha zamani. Anafia hapo, rafiki wote wakiwa wamemzunguka.

Taa zilipowashwa, kulikuwa kimya bwaloni. Wa kwanza kusema alikuwa kijana wa kidato cha pili, ambaye si mwepesi wa Kiswahili. Alisema polepole, neno baada ya neno: ‘Mwalimu, siku hizi angemeza vidonge miezi sita.’ Wenzake walicheka, naye hakucheka. Aliendelea: ‘Nyanya yangu alimeza. Yuko nyumbani.’

Kijana yule alisema kweli, tena kweli yenye uzito. Ugonjwa wa Mimi ni kifua kikuu. Mwaka 1851, Henri Murger alipokitoa kitabu cha Maisha ya Wabohemia ambacho ndicho asili ya hadithi hii, hapakuwa na mtu aliyejua chanzo chake. Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, na dawa ya kwanza ya kukiua, streptomisini, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo, washairi na watunzi waliupamba ugonjwa huu, wakaufanya kama ua linalonyauka taratibu. Waliolala kitandani nao hawakuuona hivyo.

Lillian Gish, aliyeigiza nafsi ya Mimi, alilijua hilo. Mwanamke huyu, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1993, alikuwa miongoni mwa waigizaji mashuhuri kupita wote wa zama za sinema bubu. Yeye ndiye aliyemtaka Vidor awe mwongozaji, na ndiye aliyewataka John Gilbert awe Rodolphe na Renée Adorée awe Musette, rafiki yake Mimi, baada ya kuwaona katika sinema ya vita iitwayo The Big Parade ya mwaka 1925. Alikataa mavazi aliyobuniwa na msanii Erté, kwa kuwa aliyaona hayafanani na nguo za msichana maskini. Alitaka wapenzi wale wasionekane wakibusiana, akiamini kwamba mapenzi yaliyozuiwa huonekana kuliko yaliyofunuliwa. Wakubwa wa kampuni hawakuridhika, wakaamuru picha nyingine za mapenzi zipigwe. Na kwa ajili ya kifo cha Mimi, Vidor ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1953, kwamba Gish alikaa siku tatu bila kunywa kitu, akajitia pamba mdomoni ili ukauke. Na picha ilipokuwa ikipigwa alizuia pumzi muda mrefu hata mwongozaji akaogopa kwamba amekufa kweli.

Watazamaji walimlilia Mimi. Lakini aliyekuwa ameketi kando ya kitanda kile cha maigizo, Renée Adorée, ndiye aliyekuja kufa kwa kifua kikuu, mwezi wa Oktoba 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Ilikuwa imebaki miaka 10 tu dawa igunduliwe. Nilipowaeleza wanafunzi habari hii waliguna. Wakaomba niirudishe picha nyuma, wakamtazama tena Musette, safari hii kwa macho mengine.

Na Murger mwenyewe? Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Paris, ambaye pia alikuwa bawabu wa nyumba ya kupangisha. Aliijua njaa aliyoiandika. Miongoni mwa wanawake aliowachukua kuwa kielelezo cha Mimi alikuwapo Lucile Louvet, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1848. Mwaka uliofuata, mchezo wa jukwaani uliotokana na hadithi zile ulimpatia Murger sifa kubwa. Ndani ya kitabu chake kifo cha Mimi hakina uzuri wowote: yuko hospitalini, Rodolphe anapewa habari ya uongo kwamba amekwisha kufa, kwa hiyo haendi kumtazama, na anapoambiwa kwamba yu hai na kukimbia kwenda, anakuta amechelewa. Giacomo Puccini ndiye aliyemrudisha Mimi chumbani kwa wapenzi wake, katika opera iliyoonyeshwa Torino tarehe 1 Februari 1896, na sinema ikaufuata mkondo huo. Hata hivyo kampuni haikuweza kupata haki ya kuutumia muziki wa Puccini, ikabidi utungwe muziki mwingine.

Nilikuwa nimejitayarisha kuyaeleza hayo yote, na nilikuwa nikijifurahia. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono. Alisema: ‘Mwalimu, mbona Mimi hakumwambia?’

Nikamwuliza: ‘Hakumwambia nini?’

‘Kwamba amefukuzwa kazi. Kwamba yeye ndiye anayeshona.’

Kijana mmoja akadakia nyuma: ‘Angesema, hadithi ingekwisha!’ Bwalo zima likacheka. Lakini msichana hakuridhika, na aliendelea kunitazama akingoja jibu. Nilimjibu kama walimu tujibuvyo: kwamba ni kwa sababu ya mapenzi, na kwamba mwandishi alitaka kuonyesha moyo wa kujitolea. Akakaa. Niliona kwamba jibu langu halikumtosha. Na ukweli ni kwamba halikunitosha hata mimi.

Sasa sina budi kuwaeleza jambo la nyumbani kwangu. Baba yetu alikuwa mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya mlima Elgon. Mwaka 2001 nilikuwa katika chuo cha ualimu, nikisomea stashahada yangu. Kila muhula dada yangu mkubwa, aliyekuwa fundi cherehani mjini, alinipa bahasha yenye karo na kuniambia: ‘Baba ameuza kahawa.’ Wakati wa likizo nililala kwake. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nililala upande wa huku nikimsikia upande wa kule akikanyaga cherehani mpaka usiku wa manane kwa mwanga wa taa ya chemli, akishona sare za shule na magomesi ya harusi. Naijua sauti ile hata leo. Niliichukulia kuwa ni sauti ya biashara yake. Mara nyingine ilinikera, nikavuta blanketi kichwani.

Mwaka 2011 nilitoa kijitabu cha michezo ya kuigiza kwa ajili ya shule. Nilikipiga chapa kwa gharama yangu, nakala chache tu. Katika ukurasa wa kwanza niliandika kwamba nakitabaruku kwa Baba, ambaye kahawa yake ndiyo iliyonisomesha. Jina la dada yangu halimo popote. Nilimpa nakala moja, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru.

Baba alifariki mwaka 2016. Matangani, ami yangu mmoja alikuwa akisimulia shida za zamani, akasema kwamba mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka duniani kote, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyepata fedha ya maana. Nilisikia, na nilielewa. Lakini sikuuliza. Miaka ikapita, nami nikijiambia kwamba si wakati wake, na kwamba mambo ya kale yakifukuliwa hayana faida. Niliposimama kando ya shuka ile bwaloni nikisoma ‘Mimi anashona’, niliisikia cherehani ya dada yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake na mkate na kilo mbili za sukari. Angali anashona, katika baraza ya duka moja mjini, lakini siku hizi amevaa miwani, na uzi anatungiwa sindanoni na mtoto wa jirani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia: ‘Dada, nataka kukuuliza jambo la mwaka 2001. Ile fedha ya karo ilikuwa ya nani?’

Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Akasema: ‘Umekawia kuuliza, mdogo wangu.’

Akanieleza. Mwaka ule mnunuzi mmoja alichukua magunia ya kwanza ya Baba, akaahidi kulipa, na hakuonekana tena. Yaliyobaki hayakutosha hata kulipa vibarua waliochuma. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu bila kufikiri: ‘Ningalikuambia ungaliacha chuo, ukaja kuuza nyanya sokoni. Nilikujua.’

‘Na kitabu? Uliona nilichokiandika. Mbona ulinyamaza?’

‘Baba alifurahi mno. Alikichukua kanisani, akakionyesha kila mtu. Siku moja aliniita kando, akaniambia: mwanangu, nimepewa sifa isiyo yangu, tumwambie mwenzio. Mimi nikamwambia, acha Baba, furahi tu.’

Alicheka kidogo aliposema hivyo, nami nikadhani mazungumzo yamekwisha. Lakini aliokota kipande cha kitambaa, akakikunja mara nyingi, akasema: ‘Nilikuwa nimeweka fedha ya kwenda Kampala kusomea ushonaji chuoni, nipate cheti, nije kuwafundisha wasichana. Ile ndiyo iliyokwenda. Hilo sikukuambia. Sasa nimekuambia.’

Ndugu zangu walimu, nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na mara nyingi nimewasifia wanafunzi wahusika wanaojinyima na kunyamaza. Nimewaandikia ubaoni: mvumilivu, mwenye upendo, mwenye kujitolea. Sasa naona kwamba nilikuwa nikisoma upande mmoja wa ukurasa. Dada yangu alinipenda, nami sina namna ya kumlipa. Lakini ni kweli pia kwamba alikata shauri la maisha yetu wawili peke yake. Laiti ningalijua, pengine ningaliacha chuo kama alivyoogopa. Na pengine ningaliahirisha mwaka mmoja tu, nikafanya kazi, nikarudi, naye akapata cheti chake. Leo tungalikuwa walimu wawili katika ukoo mmoja. Hatutajua kamwe. Kwa kunyamaza alininyima nafasi ya kuwa mtu mwema. Rodolphe naye alinyimwa nafasi hiyo, na alipoipata ilikuwa imepita.

Juma lililofuata nilirudi katika Chama cha Kiswahili. Niliwaeleza wanafunzi, bila ya kutaja kila jambo, kwamba niliwahi kuwa Rodolphe, na kwamba Mimi wangu, kwa neema ya Mungu, yu hai. Nikamgeukia msichana aliyeuliza, nikamwambia kwamba sasa ninalo jibu: hakusema kwa kuwa alimjua. Alijua kwamba Rodolphe akiambiwa atauacha mchezo wake.

Akafikiri kidogo. Kisha akasema, kwa heshima yote: ‘Nimeelewa, Mwalimu. Lakini yeye Rodolphe, mbona hakuuliza?’

Sikumjibu. Niliwaambia wafungue madaftari waandike insha kwa kichwa hicho, na mimi mwenyewe nikaketi kuandika pamoja nao. Makala haya ndiyo insha yangu.

Niliitazama sinema ile tena baadaye, peke yangu. Jambo ninaloliona sasa ni kwamba kila kitu kimo usoni pa Lillian Gish. Uchovu umo, njaa imo, na ule uongo wa mapenzi anaposema kwamba mhariri ametuma fedha umo pia. Hakuna sauti, na hakuna haja ya sauti. Mtazamaji yeyote, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiyejua Kiswahili cha kutosha, anausoma uso ule na kuelewa. Rodolphe peke yake ndiye asiyesoma, naye ndiye mwandishi. Sisi tunaofundisha kusoma yafaa tulikumbuke hilo.

Mwisho, naomba kufanya masahihisho. Katika kijitabu changu cha mwaka 2011, ukurasa wa kwanza, niliandika kwamba kahawa ya Baba ndiyo iliyonisomesha. Baba, Mungu amrehemu, alitaka kulisahihisha kosa hilo mapema kuliko mimi. Wenye nakala tafadhali waandike kwa kalamu: karo ya mwalimu huyu ililipwa kwa cherehani ya dada yake. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusema hivyo, ila hakupenda jina lake litajwe. Amesema inatosha kwamba sasa ninajua.